Jirani anadai watoto wawili wa mbwa na mimi sina uhakika baba yao nani, ninunue DNA ipi?

Bibi shikamoo. Mi ni kijana wa hapa Masasi, maeneo ya Mkuti, huwa nasoma sana majibu yako ya mambo ya mifugo na leo nimeona nikuandikie maana hili jambo limeshaanza kuleta maneno mtaani.

Nina mbwa jike anaitwa Popi, chotara, nilimpata mdogo kwa jamaa mmoja Mtwara mjini akaniambia mama yake jemani shepadi, baba wa kienyeji, mi sikuuliza cheti wala nini. Analinda balaa. Msimu wa korosho naweka magunia uani kabla ya kupeleka ghalani na sijawahi kuibiwa hata kilo. Sasa jirani yangu, ni mtu mzima tu namheshimu, ana dume lake Simba ambaye yeye anasema ni jemani kamili kabisa, alimtoa Dar kwa milioni moja, siku nyingine akisimulia inakuwa milioni moja na nusu. Popi alipoingia joto tukakubaliana nimpeleke kwake, hela sikutoa, makubaliano yalikuwa akizaa nampa watoto wawili achague mwenyewe. Akakaa kule siku mbili nikamrudisha.

Sasa hapa Bibi usinigombeze. Kesho yake mdogo wangu akaacha geti wazi, Popi akatoka usiku kucha, asubuhi tukamkuta karibu na machinjio yuko na kundi la madume ya mtaani. Nikanyamaza. Amezaa saba, wana wiki sita sasa. Watatu wana rangi ile ile ya Simba, mgongo mweusi miguu kahawia, wawili weusi tii, na wawili wekundu mkia umejikunja, yaani mbwa koko kabisa wale wa kwenda nao shamba.

Mzee anataka wawili wake na anawataka kwenye wale watatu. Mi nikamwambia ngoja kwanza tuhakikishe maana kama siyo wa Simba utakuwa umepewa bure, akawaka, akasema namdhulumu, ameshafika mpaka kwa balozi. Na huku kuna mteja wa Newala ameniahidi laki tatu kwa kila mtoto ila anataka uthibitisho kwamba ni jemani. Shemeji yangu yupo Marekani anakuja mwezi ujao, kasema ataniletea kile kipimo cha DNA ya mbwa cha nyumbani, unachukua mate unarudisha maabara, akaniuliza nataka kipi maana vipo vingi, kuna cha kama dola 80, kuna cha 100, kuna cha karibu 200 eti kinaonyesha na magonjwa. Mke wangu anasema laki tano ya mate ya mbwa ni wendawazimu. Mi nilitaka nichukue kile cha bei ndogo nimpime mmoja tu kati ya wale wekundu, akitoka siyo wa Simba basi nimemaliza kesi.

Nishauri Bibi, nichague kipi, na kitamaliza ugomvi kweli?

Mwenye Popi, Masasi

BIBI ANAJIBU

Marahaba mjukuu wangu, na Popi hongera yake, saba siyo mchezo.

Nianze na mteja wa Newala kwa sababu yeye ndo rahisi. Umesema mwenyewe Popi ni chotara. Sasa mtoto wa chotara anatokaje jemani kamili? Hata baba angekuwa bingwa wa mashindano huko Ujerumani, hao saba wote ni chotara, hilo halihitaji maabara wala shemeji. Mwambie mteja ukweli, mama chotara, baba inasemekana jemani, akitaka kwa hiyo laki tatu achukue, asipotaka atapunguza mtaelewana. Na ujue hata ukipata majibu ya DNA yanayosema asilimia themanini jemani, hiyo karatasi siyo cheti cha ukoo. Cheti cha ukoo kinatolewa na chama cha wafugaji kwa kufuata wazazi na mababu walioandikishwa, ni kitu kingine kabisa, na wauzaji wengi wanapenda sana watu wasijue tofauti hiyo.

Sasa mzee. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mlikubaliana umpeleke jike, yeye atoe dume, wewe utoe watoto wawili achague. Umepeleka, dume ametoa, kazi yake imeisha pale. Geti lililoachwa wazi ni la kwako siyo la kwake, na ulijua ukanyamaza, alafu leo unamwambia mzee wa watu "tuhakikishe kwanza" kana kwamba yeye ndo alimtoa Popi usiku. Haya siyo mambo ya DNA. Deni lipo hata kama watoto wote saba wangekuwa na mikia iliyojikunja. Anayetakiwa kuwa na wasiwasi baba ni nani ni yeye, siyo wewe, maana ndiye anaweza kuchukua mtoto akidhani wa Simba kumbe wa machinjioni. Kwa hiyo kipimo kama kitafanyika kifanyike kwa faida yake akikitaka, na siyo silaha yako ya kumkatalia.

Ila umeniuliza kipimo na mi hilo swali nimelipenda kwa hiyo nitalijibu lote.

Kwanza ile akili ya kupima mmoja mwekundu uiache. Jike akiwa kwenye joto anakubali madume kwa siku kadhaa, wastani kama siku tisa hivi, na mbegu za dume zinaishi ndani yake siku kadhaa pia, kwa hiyo mzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au zaidi, hiyo ipo na inajulikana, tena kwa hadithi yako ya siku mbili kwa Simba alafu usiku mmoja machinjioni mi ningeshangaa isipokuwa hivyo. Ukimpima mwekundu akatoka siyo wa Simba umejua habari ya huyo mwekundu tu. Wale watatu hujagusa. Na kuhesabu siku za mimba hakukusaidii, mimba ya mbwa ni kama siku 63 na hapo tofauti ya siku moja mbili haisemi kitu.

Rangi nayo usiiamini sana. Rangi ya manyoya na namna mkia au masikio yanavyokaa vinaendeshwa na jeni chache, mbwa anaweza kuwa nusu jemani na sura yote kaichukua kwa bibi yake wa kijijini. Na kinyume chake hivyo hivyo, huyo mwenye mgongo mweusi anaweza kuwa rangi kaitoa kwa Popi, si umesema mama yake Popi alikuwa jemani?

Sasa sikiliza hii maana ndo kiini. Vipimo vya mbwa viko vya namna tatu na watu wanavichanganya. Kuna cha kutafuta aina, kinakwambia asilimia ngapi jemani, asilimia ngapi nini. Kuna cha magonjwa ya kurithi. Na kuna cha uzazi, kinachojibu tu kwamba baba ni huyu au siyo huyu, basi. Ugomvi wako ni wa uzazi. Maabara ya vinasaba vya wanyama ya Chuo Kikuu cha California, Davis, wanafanya hicho cha uzazi kwa mbwa, unapeleka sampuli ya mtoto, ya mama, na ya dume anayeshukiwa. Umeona hapo? Ya dume. Bila mate ya Simba hakuna kesi, na mate ya Simba yanapatikana kwa ruhusa ya mzee tu. Kwa hiyo hata njia ya maabara inapita mlangoni kwake.

Vile vya aina vinaweza kukupa jibu la pembeni ukitumia akili. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, katika kila jozi moja katoka kwa baba moja kwa mama. Kama Simba ni jemani kamili kweli, mtoto wake yeyote lazima karibu nusu ya DNA yake isome jemani kutoka kwa baba peke yake, alafu Popi anaongezea ya kwake, kwa hiyo ungetegemea kuona sitini, sabini, themanini huko. Mtoto akisoma ishirini na tano huyo siyo wa Simba. Lakini ona neno nililolitia hapo, kama Simba ni jemani kamili. Nani kampima Simba? Milioni moja na nusu siyo kipimo. Mi nimeona mbwa wengi walioshushwa kwenye basi la Dar wakiitwa jemani na ndani yake kuna ukoo wa nusu ya Kariakoo. Simba akitoka chotara ile hesabu yote imeharibika, na umemwaibisha mzee mtaani juu ya hayo, sasa hapo sijui mtazikana vipi.

Njia nyingine ni kumpima Simba na mtoto kwa kampuni ile ile. Embark na Wisdom Panel zote mbili zina sehemu inayoonyesha mbwa wako ana ndugu gani kwenye kumbukumbu zao, baba na mtoto wanachangia kama nusu ya DNA wakionekana humo ni wazi. Ila piga hesabu, dola 100 ni kama laki mbili na nusu, Simba na watoto saba ni vipimo vinane, milioni mbili hiyo. Mkeo hana wendawazimu wowote.

Ukiniuliza kampuni, hizo mbili ndo ningeangalia. Wisdom Panel ni wa siku nyingi, walianza 2007. Embark walianza 2015, wanashirikiana na chuo cha udaktari wa mifugo cha Cornell, wanasoma alama zaidi ya 200,000 kwenye DNA. Kwetu sisi Embark wana kitu kimoja napenda, mwanzilishi wao mmoja, Adam Boyko, kabla ya biashara alikuwa mtafiti wa hawa mbwa wa vijijini hasa, mwaka 2009 yeye na wenzake walitoa utafiti wa mbwa 318 wa Misri, Uganda na Namibia. Wakakuta kuna mbwa wa asili ya Afrika hii hii, walioshuka kutoka kwa mbwa wa kale walioingia barani zamani, na kuna waliochanganyika na wa kizungu. Alafu ridgeback, yule tunayemwita mbwa wa Afrika kwa ule mstari wa manyoya mgongoni, akaangukia upande wa wageni! Kwa hiyo unaposema "mbwa koko kabisa" nenda taratibu, wale wekundu wawili wanaweza kuwa na ukoo mkongwe kuliko Simba, maana jemani shepadi kama aina ameanza kuandikishwa mwaka 1899 tu.

Na hii ndo sababu cha dola 80 sikitaki. Kampuni inakufananisha mbwa wako na mbwa waliomo kwenye kumbukumbu zake, kama haina mbwa wa vijijini wa Afrika itakachofanya ni kukulazimishia majina, utaambiwa Popi ana asilimia kumi ya chow chow na kumi ya sijui nani wa Japani, utabaki unacheka. Mwaka 2024 kituo kimoja cha televisheni cha Boston kilituma mate ya mwandishi wao, binadamu kabisa, kwenye kampuni za DNA ya mbwa. Kampuni moja ikarudisha majibu kwamba huyo dada ni mchanganyiko wa aina tatu za mbwa, malamute, shar pei na labrador. Nyingine zikasema sampuli haifai. Shemeji akiwa dukani aulize mambo mawili: wana mbwa wa vijijini wa Afrika kwenye kumbukumbu? Na sampuli ikishindwa wanatoa kipimo kingine bure au imekula kwako?

Kupanda dau mpaka cha magonjwa? Kwa mbwa wa ukoo wa jemani kuna jambo moja ambalo huku kwetu lina maana kubwa kuliko asilimia zote, linaitwa MDR1. Ni hitilafu kwenye jeni inayofanya dawa fulani ziingie kwenye ubongo wa mbwa, ikiwemo ivermectin, ile ile ya sindano ya ng'ombe ambayo mtu ananunua duka la dawa za mifugo anampiga mbwa wake kwa makisio kisa ana kupe na ukurutu. Iko zaidi kwa collie, wale mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo, ila na jemani baadhi wanayo. Mbwa mwenye hitilafu hiyo akipigwa dozi kubwa anapepesuka, mate yanamtoka, haoni, anaweza kufa, na watu watasema karogwa. Kama mtanunua kimoja basi kiwe na MDR1 ndani, shemeji asome kwenye boksi, kwa Embark kile cha aina peke yake hakina mambo ya afya. Na mpime Popi, siyo mtoto. Mama ndiye unabaki naye, na ukishamjua mama umejua nusu ya habari ya wote saba. Nyonga mbovu ambazo jemani wanasifika nazo usitegemee mate yakwambie, ile ni jeni nyingi na malezi, inaonekana kwa picha ya eksrei.

Ulinzi usitafute kwenye DNA. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2022 uliangalia tabia za mbwa zaidi ya 18,000 ukakuta aina inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Aliyekulindia korosho ni huyo chotara wako.

Mkiamua kupima fanyeni hivi. Mbwa asile kama nusu saa kabla, na watoto kama bado wananyonya watenge na mama masaa kadhaa kwa sababu maziwa yana seli za mama, utapeleka mate ya mtoto ukajibiwa habari za Popi. Kijiti kina brashi ndogo mbele, unaingiza kati ya shavu na fizi unazungusha taratibu kwa muda ulioandikwa, nusu dakika mpaka dakika nzima, usiguse ile brashi kwa vidole. Vaa glovu, badilisha kila mbwa. Kama nyumbani kwako mnajali najisi unajua mwenyewe habari ya mate ya mbwa, mara saba moja kwa udongo, kwa hiyo glovu itakupunguzia kazi. Watoto wafungeni nyuzi za rangi tofauti shingoni na uandike namba ya kijiti na rangi ya uzi papo hapo kabla hujamshika wa pili, maana wale watatu wa mgongo mweusi baada ya dakika tano hutajua nani ni nani. Shemeji arudi nazo mwenyewe azitume akifika, ila kabla hajasafiri aulize kampuni kama wanapokea mate yaliyochukuliwa Tanzania na forodha ya kwao wanataka karatasi gani. Majibu huchukua wiki mbili mpaka nne toka maabara ipokee. Na usije ukaenda kwa Mkemia Mkuu hapo Mtwara na mbwa kwenye bodaboda, ile sheria ya vinasaba ya 2009 ni ya binadamu.

Mi kwa maoni yangu kama hiyo laki mbili na nusu ipo, tuanze na vingine. Dawa ya minyoo kwa wote saba na Popi. Dawa ya kupe iliyo ya mbwa, siyo ya kuogeshea ng'ombe, maana magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe ndo yanawamaliza hawa machotara wa jemani huku kusini, na ukisikia mtoto mmoja kapelekwa upande wa Liwale waambie waangalie na ugonjwa wa ndorobo, mbwa anaanza macho kuwa meupe kama ukungu watu wanadhani mtoto wa jicho.

Kwa mzee nenda leo jioni, wewe mwenyewe na siyo kupitia balozi. Mwambie habari ya geti na machinjio yote. Akishasikia mwache achague wawili wake, hata kama atachukua wale wenye mgongo mweusi, na achague kabla mteja wa Newala hajafika. Akisema anataka kipimo cha uzazi mchangie nusu kwa nusu, akisema hataki usimkumbushe tena. Chanjo ya kichaa ni wakifika miezi mitatu, kwa hiyo wanaoondoka mapema mpe kila anayechukua tarehe kwenye karatasi, alafu mpigie afisa mifugo wa kata umwambie una watoto wa mbwa saba wa kuandika, akija anachanja na Simba.